Katriji Kumi na Mbili za Rafu ya Chini

Mtunza stoo wa ofisi ya vyeti vya kuzaliwa alikuwa na jina zuri alilorithi kwa bibi yake, lakini pale kazini hakuna aliyelikumbuka. Wote walimwita Bibi Rudisha. Ukitaka kalamu, rudisha kwanza iliyokwisha. Ukitaka betri ya saa ya ukutani, rudisha iliyokufa. Na ukitaka katriji mpya ya printa, ole wako uje mikono mitupu! Rudisha ile iliyokwisha wino, ndani ya boksi lake lile lile, na selotepu juu na chini. La sivyo utaondoka kama ulivyokuja.

Habari ya maboksi hakuiota ndotoni. Katriji iliyokwisha haishi kabisa, daima hubaki na unga mweusi kidogo, na unga ule ukimwagika utafagia mwezi mzima. Kwa hiyo kampuni inayozikusanya kwenda kuzichakata ilitaka kila moja iletwe ndani ya boksi lililofungwa. Bibi Rudisha naye aliongeza lake kwenye mkataba: katriji ikishafika kwenye banda la kampuni, itobolewe siku hiyo hiyo, isije ikaangukia mikononi mwa matapeli wanaozijaza masizi na kuziuza tena kama mpya. Mkuu wa ofisi alitia sahihi bila kusoma. Kusoma hakukuwa katika mazoea yake.

Miaka miwili alikuwa akihangaika na jambo hili, na miaka miwili wenzake walikuwa wakimkondesha. Aliweka kasha kubwa ukumbini, akaandika kwa herufi ambazo hata kipofu angezipapasa: KATRIJI TU. Wakatupa maganda ya ndizi. Wakatupa chupa za maji, soksi moja, mwavuli uliovunjika mbavu. Asubuhi moja alikuta humo meno ya bandia, taya la juu zima, na mpaka leo mwenyewe hajajitokeza, ingawa Bibi Rudisha ana mtu wake anayemshuku kwa namna anavyotafuna. Ndipo akaliondoa kasha na kuanzisha utaratibu wa mkono kwa mkono, usio na huruma wala undugu.

Undugu tunausema kwa sababu upo. Mchapaji wa vyeti, aliyekuwa ndiye mwenye printa kubwa, alikuwa wifi yake, mdogo wa mume wake wa tumbo moja. Jumapili walikula sahani moja na kucheka mpaka machozi. Jumatatu mpaka Ijumaa walikuwa paka na panya.

Basi Jumanne hiyo, saa tatu kasoro, printa ilitoa cheti chenye michirizi. Cha pili kikatoka kama kimeandikwa kwa maji ya kunawia. Wifi akaichomoa katriji, akaitikisa kama mtu anayetikisa chupa ya dawa ya kikohozi, akairudisha. Alikuwa akiitikisa hivyo tangu Alhamisi, na kutikisa nako kuna mwisho wake. Akaenda stoo.

"Wifi, katriji."

"Iliyokwisha iko wapi?"

"Hii hapa."

"Na boksi lake?"

"Jamani wifi! Boksi la mwezi wa pili nitalitoa wapi leo?"

"Ulipolitia ndipo utakapolitoa."

Wifi akashusha pumzi. Akamwambia kwamba pale nje kwenye benchi kuna mama anasubiri tangu saa mbili, mpishi wa shule ya bweni iliyo ng'ambo ya barabara. Amefanya kazi ya kibarua miaka kumi na mmoja, na sasa shule inawaajiri wapishi moja kwa moja. Leo saa tisa ndiyo mwisho wa kupeleka cheti cha kuzaliwa. Asipokipeleka, nafasi inakwenda kwa anayefuata kwenye orodha. Maombi yake yameshapitishwa, mashahidi wameshatia vidole, kimebaki kuchapa tu.

Bibi Rudisha alichungulia dirishani. Mpishi alikuwa mwanamke mwenye mikono minene iliyojaa makovu madogo ya mafuta ya moto, ameketi wima na bahasha mapajani, hahemi wala hatazami saa. Utulivu ule ulimchoma Bibi Rudisha kuliko makelele.

"Namwonea huruma," akasema, na kweli alimwonea. "Lakini nikikupa wewe bila boksi, kesho atakuja wa masijala bila boksi, keshokutwa mkuu mwenyewe. Kama ni haraka, si ulitafute hilo boksi haraka?"

"Roho yako, wifi, kaka yangu aliiona wapi?"

"Kaka yako muulize leo jioni. Sasa hivi tafuta boksi."

Wakalitafuta. Maana Bibi Rudisha hakuwa mtu wa kutuma na kukaa, alitoka mwenyewe, akaingia ofisi moja hadi nyingine akiinama chini ya meza za watu na kuwafokea hapo hapo chini. Masijala alikuta boksi moja limekatwa kuwa kigoda cha feni. Kwa mlinzi alikuta lingine limejaa misumari, limetobokatoboka halifai tena. Mapokezi lilikuwapo la aina nyingine kabisa, na mtu wa mapokezi alipomwambia "si boksi ni boksi tu, mama?" alisimama akamweleza tofauti zake kwa dakika ishirini, mpaka foleni yote ikaelimika.

Ni katikati ya somo hilo mchukuzi wa kampuni ya kuchakata alipofika na toroli lake. Alikuwa mzee wa ndevu za mvi na adabu nyingi, na kila Jumanne aliuliza swali lile lile.

"Shughuli njema, mama. Nichukue zipi?"

"Za rafu ya chini, zote. Kila wiki unaniuliza!"

Mzee akaenda stoo, akapakia, akarudi akipita ukumbini anahema.

"Leo zina uzito, mama."

"Hazina uzito. Wewe ndiye umeongeza mwaka. Beba."

Akambandikia sahihi kwenye karatasi yake bila kuitazama, kidole cha mkono mwingine bado kinamwonyesha mtu wa mapokezi upana wa boksi. Mzee akaenda zake.

Boksi la wifi lilipatikana saa sita na nusu, na halikupatikana kwa wifi. Lilikuwa ofisini kwa mkuu, limewekwa majani ya chai, kijiko na sukari iliyoganda. Mkuu alisema alilikuta tu. Bibi Rudisha akalimwaga, akalipangusa, akalitia katriji iliyokwisha, akapiga selotepu juu na chini, akaandika kwenye daftari lake. Hata mwandiko ulimpendeza. Kisha akanyoosha mkono kwenye rafu ya juu, akashika boksi la katriji mpya.

Mkono ulijua kabla ya kichwa. Boksi lilikuwa jepesi.

Akalirudisha, akashika la pili. Jepesi. La tatu. Wifi, aliyekuwa amesimama mlangoni na mkono umenyooshwa, aliona uso wa mwenzake ukibadilika.

"Vipi, wifi?"

Bibi Rudisha alikuwa ameinua macho darini, kwenye doa la maji lenye umbo la sufuria, na Ijumaa yote ikamrudia. Mvua ilinyesha, dari likavuja juu ya rafu ya juu, na yeye mwenyewe, kwa mikono yake mwenyewe, akazishusha mpya chini zisilowe na kuzipandisha kuukuu juu. Akajiambia Jumatatu nitazirudisha. Jumatatu akaja mtu bila kalamu iliyokwisha, wakagombana mpaka jioni.

Na kwa kuwa katriji zote, mpya na kuukuu, zilikaa ndani ya maboksi yale yale yenye selotepu safi juu na chini, kama alivyotaka mwenyewe, hakuna jicho ambalo lingeweza kuzitofautisha. Mgongo wa mzee mmoja tu ulizitofautisha, akaambiwa abebe.

"Zimekwenda," akasema.

"Ngapi?"

"Zote kumi na mbili."

Wifi angeweza kucheka. Angeweza kusema nyani haoni kundule, na nusu ya ofisi ingempigia makofi. Badala yake aliketi tu juu ya kopo la rangi.

Mkuu alipoelezwa alikuna kidevu. Agizo jipya, akasema, huchukua wiki tatu. Vyeti vya kuandika kwa mkono vilipigwa marufuku mwaka jana. Pengine iundwe kamati ndogo. Bibi Rudisha alimtazama, akaona moyoni kwamba akiendelea kusimama pale atasema neno litakalomfukuzisha kazi. Akachukua mkoba wake. Alipopita mbele ya benchi, mpishi aliinua kichwa.

"Mama, bado?"

"Bado kidogo, dada. Kuna hitilafu ndogo."

Akapanda pikipiki, yeye aliyeapa hatapanda pikipiki mpaka kufa.

Banda la kampuni lilikuwa nyuma ya karakana za magari, refu, la mabati, na mlangoni palikuwa na dirisha la nondo. Ndani ya dirisha alikaa mwanamke wa rika lake, miwani puani, daftari mbele. Nyuma yake ilisikika drili: vuuu, kimya, vuuu, kimya. Kila vuuu ilimpenya Bibi Rudisha mbavuni.

"Msimamisheni huyo! Hizo ni mpya!"

Mwanamke wa dirishani alipekua daftari taratibu. "Ofisi ya vyeti. Katriji kumi na mbili zilizokwisha. Sahihi hii hapa. Si yako?"

"Ni yangu, lakini..."

"Basi zimekwisha."

"Hazijakwisha! Zitikise utasikia!"

"Kazi yangu si kutikisa, mama. Mkataba wenu unasema zitobolewe siku ile ile. Sisi tulishangaa, hakuna ofisi nyingine inayotaka hivyo. Lakini ninyi ndio mlitaka."

Drili ikasema tena. Bibi Rudisha akashika nondo kwa mikono miwili. Aliomba, alipaza sauti, alitaja mpishi na saa tisa yake, mpaka yule mwanamke akageuka na kumwita fundi. Fundi akatoka mweusi kuanzia nyusi hadi viatu, analalamika kwamba tangu azaliwe hajawahi kutoboa katriji zinazotema unga namna hii. Alikuwa amekwisha kutoboa nane. Nne zilikuwa salama.

"Nipe hizo nne."

"Kilichoingia hapa hakitoki bila barua ya ofisi. Iliyochapwa, yenye muhuri."

"Nitaichapa na nini? Printa haina wino!"

"Si mkachape kwingine."

"Kwingine wapi, na muhuri uko kule? Dada yangu, nichape kwa mate?"

"Mimi nimewekwa hapa kulinda utaratibu."

Kwa mara ya kwanza maishani Bibi Rudisha alijiona vile alivyoonekana kutoka upande wa pili wa kaunta, na hakukipenda alichokiona. Angeweza kuling'oa lile dirisha pamoja na miwani yake.

Walivutana hadi saa nane na robo. Mwishowe mwanamke wa dirishani, labda kwa huruma, labda kwa kuchoka, akasukuma kipande cha karatasi chini ya nondo. Andika kwa mkono, akasema, nakupa moja. Tatu zilizobaki ufuate kesho na barua. Bibi Rudisha akaandika haraka: *Kumetokea mkanganyiko wa mizigo.* Akatia sahihi. Ni maneno mazuri hayo, ofisini tunayatumia sana. Mambo hutokea yenyewe, kama mvua, na hakuna aliyeyatenda.

Cheti cha mpishi kilitoka kwenye printa saa tisa na dakika saba, kizuri, herufi nyeusi tii. Wifi alikishika kwa ncha za vidole akakipuliza ingawa hakikuwa na haja ya kupulizwa. Mpishi alikisoma mstari kwa mstari: jina lake, la mama yake, siku aliyozaliwa. Kisha akatazama saa ya ukutani kwa mara ya kwanza tangu asubuhi.

"Imepita," akasema.

"Twende," akasema Bibi Rudisha. "Nakwenda nawe."

Wakavuka barabara kuu, wakapita geti la shule, mpishi mbele na Bibi Rudisha nyuma akitweta. Katibu wa shule alikuwa bado mezani, anapanga mafaili ya kupeleka wilayani kabla ya saa kumi. Hakuwa mtu mbaya. Alikitazama cheti, akatazama saa yake, akakuna kichwa kwa kalamu.

"Naweza kukuingiza," akamwambia mpishi. "Faili bado liko kwangu. Ila lazima niweke maelezo, maana wenzako wote wameleta kabla ya saa tisa." Akavuta fomu, akaandika, akaigeuza. "Tia sahihi hapa chini."

Mpishi akasoma. Kwenye nafasi ya maelezo iliandikwa: *Mwombaji amechelewa.*

Akaiweka kalamu mezani.

"Hiyo siitii sahihi."

"Mama, ni neno la kawaida tu. Bila sahihi siwezi kukupeleka."

"Miaka kumi na mmoja nawasha jiko la shule hii saa kumi na moja alfajiri." Sauti yake ilikuwa ile ile ya utulivu. "Watoto mia nne. Sijawahi kuchelewa hata siku moja. Nilimzika mume wangu Jumamosi, Jumatatu uji ulikuwa tayari saa moja. Leo nimefika pale saa mbili, kabla hawajafungua. Halafu karatasi ya kwanza katika faili langu iseme nimechelewa? Mpeni huyo anayefuata."

Katibu akanyanyua mabega, akatazama saa tena. Dakika thelathini na tano zilibaki. Bibi Rudisha alihisi uso unamwaka. Akakohoa.

"Si yeye," akasema. "Ilikuwa ofisini kwetu. Andika kwamba kumetokea mkanganyiko."

Mpishi akamgeukia. Hakuwa na hasira usoni, na ingekuwa nafuu kama angekuwa nayo.

"Huyo Mkanganyiko ni nani, mama? Nimekaa pale tangu asubuhi, sikumwona akipita."

Hapo Bibi Rudisha alikasirika kweli kweli. Alimkasirikia mpishi kwa swali lake, wifi kwa boksi lake, mkuu kwa majani yake ya chai, mzee wa toroli kwa kutosisitiza, dari kwa kuvuja. Akawapitia wote moyoni, mmoja mmoja, kama alivyopitia meza za watu asubuhi ile, akiinama chini ya kila mmoja kutafuta. Hakubaki mwingine wa kumlaumu.

"Lete hiyo fomu," akasema.

"Nakala inakwenda kwa mkuu wako, mama," katibu akamtahadharisha. "Na wilayani pia."

"Na iende."

Akaukata mstari wa katibu, akaandika juu yake kwa mwandiko wake mzuri, kalamu ikikwaruza. Aliandika jina lake lote, lile la bibi yake, na ilimbidi asimame kidogo alipofika katikati kwa jinsi ambavyo hakulizoea. Akatia sahihi na tarehe. Akaisukuma fomu kwa katibu, lakini mpishi aliweka kiganja juu yake.

"Nisomee," akasema mpishi.

"Si unajua kusoma?"

"Najua. Nataka kusikia."

Bibi Rudisha akaishika ile karatasi. Dirisha la ofisi lilikuwa wazi, na kibarazani walimu wawili walikuwa wameacha mazungumzo yao. Akasoma kwamba mwombaji alifika saa mbili asubuhi na cheti chake kilikuwa tayari kuchapwa. Kwamba mtunza stoo alimnyima mchapaji wino kwa ajili ya boksi tupu. Kwamba mtunza stoo huyo huyo alizitoa katriji mpya zikatobolewe, bila kuzikagua, huku akiwakagua wengine. Maneno ya mwisho aliyasoma kwa sauti ya chini.

"Sijasikia hapo mwisho," akasema mpishi.

Akasoma tena, kwa sauti.

Mpishi akachukua kalamu, akatia sahihi.